Nani Atawazika Huko Juu?

Chini ya kitanda changu pale Ngarenaro kuna kaunta buku tatu. Ndani yake mna riwaya yangu, au tuseme mna maandishi ambayo natumaini siku moja yataitwa riwaya. Ni habari ya watu 400 waliopanda chombo cha angani na kuiaga dunia moja kwa moja. Wanakwenda kwenye nyota nyingine, safari ya miaka 300. Walioondoka hawatafika, na watakaofika ni vitukuu wa vitukuu ambao hawajawahi kunyeshewa mvua hata siku moja.

Najua wenzangu wengi mnaosoma ukurasa huu mnaandika habari za mapenzi, za majambazi, za mjini. Mimi nimechagua nyota. Wapo wanaonicheka: Mswahili na nyota wapi na wapi? Nawajibu hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya nyota, wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili lilishazunguka huko juu kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Na Shaaban Robert naye, mwaka 1951, alitupa Kusadikika, nchi nzima iliyo angani. Kwa hiyo, bwana, sikuanza mimi.

Basi katika sura ya pili niliandika kwamba ndani ya chombo kile hakuna dini. Sikuandika kwa ugomvi. Niliandika kama mtu anavyotaja hali ya hewa: watu waliiacha dini duniani kama mtu anavyoacha ndala mlangoni. Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti mara nne, usiku, mpaka jirani akagonga ukuta.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Tangu utotoni tumeambiwa Mungu yuko juu. Sasa mtu akipanda juu, akapita mawingu, akaupita mwezi, akakuta giza na mawe, atabaki na nini? Mrusi mmoja, German Titov, mtu wa pili kuizunguka dunia, alipotembelea Marekani mwaka 1962 alisema hakumwona huko Mungu wala malaika. Nikajiambia, mtu akishafika ghorofani utamtishaje tena kwamba ghorofani kuna mwenyewe? Halafu nikafikiri dua zetu tunaombea nini: mvua, mavuno, mgonjwa, safari njema. Ndani ya chombo maji yanapimwa kwa kikombe, chakula kinaoteshwa chini ya taa, na safari ni moja tu, haina kupinduka kwenye kona. Mtu aombe nini?

Na kusema kweli, ndugu msomaji, kulikuwa na jambo jingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kanisa. Nilipata kipaimara kama wenzangu, nikavaa shati jeupe, tukapigwa picha. Baada ya kidato cha nne nikaanza kukosa Jumapili moja, kisha mbili, kisha zote. Hakukuwa na kisa. Niliacha kama mtu anavyoacha kucheza mpira. Kwa hiyo watu wangu 400 walikuwa mashahidi wangu. Niliwapeleka mbali kiasi kile ili waje wanitetee.

Bibi yangu anakaa huko juu, upande wa Nkoaranga, kwenye migomba. Macho yake yamechoka lakini masikio ni mazima, na anapenda kusomewa. Nilimpelekea kaunta buku ya kwanza siku moja mwezi wa sita, kipindi kile ambacho Meru hujifunika wingu wiki nzima. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikasoma.

Alivumilia mengi. Alivumilia kwamba nyota iliyo jirani kabisa na jua letu iko umbali ambao mwanga wenyewe huutembea kwa miaka minne na ushee. Alivumilia kwamba chombo cha Wamarekani kiitwacho Voyager 1, kilichoondoka mwaka 1977, kwa mwendo wake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukata umbali kama huo, na kwamba changu mimi nimekisukuma kwa kalamu. Alisema tu, "Mh, hao wana moyo." Hata ile sentensi ya ndala haikumshtua. Nikaona mambo yanakwenda.

Nilipofika mahali ambapo mtu wa kwanza anafia safarini, akanyanyua mkono.

"Soma tena hapo."

Nikasoma: maiti ilitolewa kwa mlango wa nyuma, chombo kikaendelea na safari.

"Nani alisema neno?"

"Neno gani, Bibi?"

"Neno. Kabla hawajamtoa."

"Hawana dini, Bibi. Hao ni watu wa miaka ijayo."

"Mjukuu wangu, sijakuuliza dini yao. Nimekuuliza nani alisema neno."

Nikanyamaza. Yeye akarudi kwenye maharage yake. Na mimi, kwa kukosa pa kuangalia, nikaangalia migombani, kwenye kaburi la Babu lililosakafiwa kwa saruji. Pembeni yake pana kipande cha ardhi kitupu, urefu wa mtu. Hapo hapapandwi hata gimbi. Nilikuwa naruka hapo tangu nikiwa mtoto bila kuuliza, maana jibu nililijua.

Mahali pale ni pa baba mdogo. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akapata kazi ya ubaharia kwenye meli ya wageni ya kuvua samaki. Mwaka 2011 ilikuja simu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwapo. Mtu aliyepiga alisema jamaa aliugua siku tatu, akafariki, na kwa kuwa bandari ilikuwa mbali wamemshusha baharini. Bibi alichukua simu kwa baba yangu, akauliza jambo moja tu: "Walisema neno?" Yule mtu akasema "Eti?" Simu ikakatika. Namba ile haikupatikana tena.

Kumbe mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mama yule yule, namsomea mtoto wake akitolewa kwa mlango wa nyuma, tena natarajia asifu lugha.

Niliteremka na bodaboda mpaka Tengeru, nikapanda daladala ya mjini, na njia nzima sikufungua daftari. Jioni nikaenda kwenye benchi la kahawa tunakokaa na rafiki yangu mmoja, fundi simu, Mwislamu, tuliyesoma naye. Nikamweleza. Nilitaka anionee huruma, yeye akacheka.

"Wewe unauliza kama dini itapanda chombo. Si ilishapanda?"

Akanihadithia habari ya Sheikh Muszaphar Shukor, daktari wa Malaysia. Tarehe 10 Oktoba 2007 aliondoka Baikonur kwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Sasa kituo kile huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, jua linachomoza na kuzama mara 16 kwa siku. Angefuata jua angeswali kutwa asimalize. Masheikh wa Malaysia walikaa wakatoa mwongozo. Saa za swala ahesabu kwa mahali alipoondokea. Saumu akitaka aiahirishe mpaka arudi. Na kibla ni kwa kadiri ya uwezo: aelekee Kaaba, asipoweza, aelekee usawa wake huko juu, asipoweza, aelekee dunia, na asipoweza hata hilo, popote.

"Na dunia ikishapotea machoni?" nikamuuliza. "Watu wangu mimi hata jua lenyewe wataliona nukta."

"Basi ni popote. Kwani aliyepotea porini usiku anafanyaje? Anakadiria, anaswali. Mungu si mjinga."

Nilikwenda kutafuta zaidi, nikakuta Wakristo nao hawakubaki nyuma. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1968, watu watatu wa Apollo 8 walisoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo huku wakiuzunguka mwezi, dunia nzima ikisikiliza. Na Julai 1969 Buzz Aldrin, mzee wa kanisa la Presbiteri, kabla hajashuka kukanyaga mwezi, alijimiminia divai kidogo, akala mkate, akashiriki chakula cha Bwana peke yake, kimyakimya, redioni asiseme. Chakula cha kwanza kuliwa na mtu mwezini kilikuwa hicho.

Hapo hoja yangu ya ghorofani ilianguka. Lakini mwandishi hakubali kushindwa upesi. Nikajiambia kwamba hao walikuwa wageni wa siku chache. Mgeni hubeba sala zake kama anavyobeba mswaki, anajua wiki ijayo yuko nyumbani. Mimi nataka watu walioondoka wasijue kama watarudi, wakatupwa mahali ambapo hata majani hawayajui majina. Hao walifanya nini?

Ndipo nikakumbuka kwamba watu wa namna hiyo nimekuwa nikipita karibu yao kila nikienda kwa Bibi.

Jumamosi iliyofuata, siku ya soko, nilishuka Tengeru, nikaacha kelele za wauza ndizi, nikatembea kuelekea upande wa Ziwa Duluti mpaka kwenye makaburi ya Wapolandi. Habari yao ni hii. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwakamata Wapolandi kwa malaki, ikawapakia kwenye mabehewa na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoishambulia Urusi wakaachiliwa. Wengi wakafika Uajemi mwaka 1942, na kutoka huko maelfu wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi katika Afrika ilikuwa hapa hapa Tengeru, watu kama 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Wanaume walikuwa vitani au wamekufa.

Hebu fikiria mtoto aliyetoka kwenye theluji ya Siberia, akaamka asubuhi ndani ya nyumba ya msonge, nje kuna migomba na juu ya migomba kuna mlima. Kwake yeye hiyo ni sayari nyingine. Na vita vilipokwisha nchi yao ikawa chini ya wale wale waliowafukuza, wengi wakaona hawana pa kurudi. Miaka ya mwanzo ya 1950 ndipo kambi ilipofungwa, wakatawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia.

Walipokuwa hapa walifungua shule, walilima, na walisali. Na waliokufa waliwazika. Makaburi yako karibu 150, yamehifadhiwa vizuri. Wamo Wakatoliki, wamo Waorthodoksi, wamo na Wayahudi. Majina yamejaa z na w mpaka ulimi unagoma. Nilisimama kwenye moja ambalo, kwa hesabu ya miaka iliyoandikwa, lilikuwa la mtoto mdogo. Nikajikuta nauliza swali la Bibi, na hapa jibu lilikuwa wazi. Alisema mtu. Alisimama mtu mahali hapa, akasema neno kwa Kipolandi, na yamkini Mmeru aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe kando alisimama akasikiliza, asielewe hata moja, akajua kabisa kinachofanyika.

Na jambo jingine likanigusa zaidi. Wenyewe waliondoka zamani. Anayefagia makaburi hayo leo ni mtu wa hapa hapa. Imani yao imelindwa na mkono ambao si wa imani yao wala wa lugha yao. Hilo katika riwaya yangu sikuwa nimelifikiria.

Hata hivyo sitaki kusema uongo kwamba imani itafika huko nyotani kama ilivyoondoka. Sisi wa mlima huu tunajua haifiki hivyo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri wakiwa ndiyo kwanza wamefika. Wajerumani wakalipiza kisasi kibaya mno. Miaka ikapita, wengine wakaja, na leo Wameru wengi ni Walutheri. Lakini dini iliyotoka Leipzig si hii aliyonayo Bibi. Ya Bibi imekula ndizi. Jirani zetu Wachaga humwita Mungu Ruwa, na neno hilo ndilo jua. Ukristo ulipokuja haukulitupa, ukalibatiza. Wamasai husema Engai, na Engai ni Mungu na ni mvua pia.

Sasa wapandishe watu hao kwenye chombo changu. Miaka 300 hakuna mvua. Miaka 300 jua ni nyota ndogo dirishani kati ya nyota nyingi. Mungu mwenye jina la jua, mtoto aliyezaliwa safarini atamwelewaje? Nadhani mengi yatakufa njiani. Mungu wa ghorofani atakufa, na wengi wetu tulishamzika kabla hata ya kuondoka. Vitisho vitakufa. Nyimbo zitabaki ila hakuna atakayejua mvua inayotajwa humo ni kitu gani. Ninachouliza ni kama kuna kitu kimoja ambacho hakifi.

Nilirudi kwa Bibi. Safari hii sikwenda na daftari. Nilimwomba anihadithie Ngare Nanyuki.

Mnaotoka Meru mnaijua hadithi hiyo. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu, watu karibu 3,000, nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Dunia ilisikia, ardhi haikurudi wakati ule. Angalia miaka hiyo, msomaji: Wapolandi walikuwa wanafunga mizigo Tengeru, na upande wa pili wa mlima huu huu wenyeji wanafanywa wakimbizi.

Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Anakumbuka moshi, malori, na kuku mmoja aliyemficha kwenye kanga. Walipelekwa Kingori. Huko mdogo wake wa kiume, aliyekuwa bado ananyonya, alipata homa akafa. Hilo sikuwahi kulisikia. Mchungaji hakuwapo. Watu walikuwa wametawanyika. Baba yake alichimba mwenyewe, kwenye ardhi ambayo si ya ukoo, mbali na migomba yoyote.

"Akasema neno," Bibi akasema.

"Alisema nini?"

"Alimwambia Mungu kwamba huyu ni mtoto wetu, na jina lake alilitaja. Basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi."

Nikamuuliza swali ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kumuuliza bibi yake. Nilimuuliza kama aliamini kwamba Mungu alikuwa anasikia siku ile, na nyumba zimechomwa, na mtoto amekufa.

Hakukasirika. Alifikiri muda mrefu, mpaka nikasikia maji ya mfereji.

"Sijui kama alisikia," akasema. "Sisi tulisikia. Mama alisikia. Mama angekaa vipi na ukimya ule?"

Nikaelewa kwa nini miaka yote hii hakuwahi kuuliza baba mdogo aliugua nini, wala mshahara wake ulikwenda wapi. Anataka kujua kama kulikuwa na mtu aliyefungua kinywa. Hata awe Mkorea, hata awe hana dini kabisa.

Wenzangu waandishi, msinielewe vibaya. Sikuokoka. Jumapili iliyofuata nililala mpaka saa nne kama kawaida. Hoja zangu nyingi bado ninazo, na mtu akitaka tubishane, benchi la kahawa lipo. Ila nimeona kosa la sura ya pili. Niliuliza kama watu wa nyotani wataendelea kuamini, kana kwamba imani ni kitu kinachokaa kichwani peke yake, nikasahau kwamba watu 400 kwa miaka 300 watakufa sana. Kila mara mlango ule utafunguliwa, na kila mara pembeni yake atasimama mama wa mtu. Mtu atalazimika kusema kitu. Huenda asijue anamwambia nani. Akishasema mara ya kwanza, mara ya pili watamwita yeye. Mara ya kumi watoto watakuwa wameyakariri maneno yake. Akifa yeye, watauliza ni nani sasa atakayeyasema. Mnaona hapo mambo yanakoelekea? Mimi nimeona, na nimekaa mwezi mzima nikiogopa kuliandika, kwa sababu mtu huyo wa kwanza, katika riwaya yangu, haamini chochote. Nimempa sura yangu.

Ile sentensi ya mlango wa nyuma nimeipiga mstari. Chini yake nimeacha nusu ukurasa. Nimeanza mara tatu na mara tatu nimefuta, maana kila neno ninaloliandika nasikia kama nalisomea kipande kile cha ardhi kitupu kando ya Babu.

Juzi Bibi alipiga simu. Tukasalimiana, akauliza habari za mjini, akaniambia bei ya maharage. Kabla hajakata akauliza:

"Wale watu wako, umeshawazika?"

"Bado, Bibi."

"Usikawie," akasema. "Wamekaa sana."